Kujua si Kuridhia: Maadili ya Anayetumwa Penye Utelezi

Katika Kiswahili neno ajali limebeba maana mbili ambazo hazipatani vizuri. Kwa asili yake ya Kiarabu ni muda uliokadiriwa, saa iliyoandikwa ambayo mja hawezi kuisogeza mbele wala kuirudisha nyuma. Katika matumizi ya leo ni tukio la ghafla lenye madhara: gari limepinduka, moto umezuka, mtu ameanguka. Maana ya kwanza haijatoka ndani ya ile ya pili. Msemo kwamba ajali haina kinga unazifunga zote mbili katika kauli moja, kwa kuwa unataja tukio la duniani kwa lugha ya kudra. Mara nyingi msemo huo ni faraja kwa waliofikwa, na hakuna ubaya katika kufarijiana. Lakini upo wakati ambapo unamfaa zaidi yule aliyepaswa kuweka kinga kuliko yule aliyeumia, na hapo faraja hugeuka kuwa hati ya kumwachia huru mtu ambaye hata hajahojiwa.

Kuanguka kwa wafanyakazi madukani ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili, kwa sababu ni tukio dogo. Halina mlipuko wala moshi, na gazeti haliandiki habari zake. Barafu ya sanduku la samaki imeyeyuka ikachuruzika hadi njia ya wapitao. Chupa ya mafuta ya kupikia imepasuka chini ya rafu. Theluji iliyoingia na viatu vya wateja imekuwa dimbwi mlangoni. Kijana anayepanga bidhaa amepanda ngazi fupi ambayo mguu wake mmoja haukai sawa. Kinachomzuia mtu asianguke anapotembea ni msuguano kati ya soli na sakafu. Utando mwembamba wa majimaji unatosha kuuondoa, na kisigino huwa kimekwisha kuteleza kabla mwili haujapata habari. Watazamaji wa kwanza huenda wakacheka, maana anguko la mtu aliyesimama wima limekuwa kichekesho tangu zamani. Halafu hugundua kwamba haamki.

Mambo hayo yote yana sababu zinazojulikana, na zinazojulikana mapema. Hapo ndipo lilipo swali la maadili, na swali lenyewe ni gumu kuliko linavyoonekana. Si vigumu kumhurumia mfanyakazi aliyeteleza kwenye maji ambayo hakuyaona. Ugumu ni kwa yule aliyeyaona. Alijua kwamba sakafu inateleza, akaingia kwa sababu kazi yake ni kuikausha, akaanguka. Je, kule kujua kwake kunaufanya mzigo wa madhara uwe wake?

Swali hili liliulizwa kwa uwazi wote katika shauri lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo la Texas mwezi Juni 2015. Mwaka 2009, katika duka la vyakula mjini Mesquite, karibu na Dallas, mitambo ya kupozea iliyokuwa juu ya paa ilioshwa kwa maji ya kasi, na umajimaji wenye mafuta ukapenya katika mabomba ya hewa hadi kwenye vyoo vya wanawake na vya wanaume. Mfanyakazi mmoja, ambaye usafi wa sakafu ulikuwa sehemu ya kazi yake, akaanza kuusafisha. Kitabu cha usalama cha kampuni yenyewe kilipendekeza kwamba kazi ya namna hiyo ifanywe kwa unga maalumu unaofyonza majimaji, pamoja na ufagio na kizoleo, kwa kuwa njia hiyo hupunguza uwezekano wa kuteleza. Siku hiyo unga ule haukuwapo dukani. Akachukua fagio la kudekia. Aliweka vibao vya kuonya kwamba sakafu imelowa, akasafisha choo cha wanawake salama, kisha akaingia cha wanaume, akitembea kwa hatua fupifupi kama mtoto anayejifunza kusimama. Baada ya kama nusu saa, sehemu kubwa ya umajimaji ikiwa bado haijaondolewa, aliteleza. Mfupa wa paja ulivunjika na nyonga ikateguka. Alikaa hospitalini miezi 9, akafanyiwa upasuaji mara 6, na mguu wake wa kushoto ukabaki mfupi kuliko wa kulia kwa inchi 2.

Ili kuelewa hukumu iliyofuata inafaa kujua upekee wa Texas. Karibu kote nchini Marekani mwajiri hulazimika kuwakatia wafanyakazi wake bima ya fidia. Anayeumia kazini hulipwa bila kuulizwa kosa ni la nani, na kwa upande wake hupoteza haki ya kumshtaki mwajiri. Texas huwaachia waajiri wengi binafsi hiari ya kujiunga na mpango huo au kukaa nje. Lakini sheria yake, ambayo chimbuko lake ni la 1913, imemwekea masharti anayekaa nje: akishtakiwa kwa uzembe, hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mfanyakazi naye alizembea, wala kwamba aliyaridhia mwenyewe mashaka ya kazi. Kampuni yenye duka lile ilikuwa imekaa nje. Mtu wa kawaida angedhani basi kwamba hoja ya "alijua mwenyewe" imekwisha kufungiwa mlango.

Mahakama haikuona hivyo. Ilisema kwamba kabla ya kuuliza kuhusu utetezi ni lazima kuuliza kama kulikuwa na wajibu wowote. Mwenye jengo, ikasema, ana wajibu wa kuwaonya wanaoingia au kuwakinga na hatari zilizofichika, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nafasi ya kuzijua. Hatari ikiwa wazi, au ikiwa mtu ameshaijua, sababu ya wajibu huo imeondoka, maana aliyeijua anaweza kujikinga mwenyewe. Na kwa jambo hili mfanyakazi hana tofauti na mgeni mwingine yeyote aliyealikwa ndani ya jengo. Mahakama iliacha nafasi kwa hali chache za pekee, na ikaacha pia mlango wazi kwa dai la namna nyingine, yaani kwamba mwajiri hakutoa nyenzo zilizohitajika kwa kazi. Lakini kanuni ya jumla ikabaki: mfanyakazi aliyeumizwa na kasoro ya jengo aliyoifahamu kikamilifu, na ambayo kazi yake ilikuwa ni kuiondoa, kwa kawaida hawezi kumdai mwajiri wake kwa kasoro hiyo.

Haifai kuidharau hoja hii. Imejengwa kwa uangalifu, na ndani yake mna wazo la kweli: maarifa ni aina ya uwezo, na mwenye uwezo ana sehemu ya wajibu. Tena inajidai kuwa ya usawa, kwa kuwa inampima mfanyakazi kwa kipimo kilekile cha mteja. Kasoro imejificha hapohapo. Mteja akiona maji njiani, maarifa yake yanamwondoa penye hatari: atapita upande mwingine, au ataacha kununua siagi siku hiyo. Mfanyakazi wa usafi akiyaona maji yaleyale, maarifa yake yanampeleka penye hatari. Kwa mmoja kujua ni kinga, kwa mwingine kujua ni mwito wa kazi. Kipimo kimoja kinapotumika kwa watu wawili ambao kitu kilekile kinawasukuma pande mbili zinazopingana, usawa wa kipimo hauzai usawa wa hukumu.

Uingereza inatoa mfano unaolitia jambo hili nuru kwa upande wa pili. Mwaka 1976 Mahakama ya Rufaa iliamua shauri la mteja aliyeteleza kwenye mtindi uliomwagika katika sakafu ya supamaketi. Hakuna aliyeweza kuthibitisha mtindi ule ulikuwa hapo tangu lini. Majaji wengi walisema kwamba mambo ya namna hiyo hayatokei kwa kawaida pale panapoangaliwa vizuri, kwa hiyo ni juu ya duka kueleza lilichofanya ili sakafu yake iwe salama. Na duka lilishindwa kueleza. Hukumu hiyo ina busara. Lakini inafaa kukumbuka jambo ambalo halikuwa mbele ya mahakama siku ile. Duka likitaka kutimiza wajibu wake kwa mteja, hulitimiza kwa mwili wa mtu. Sakafu haijikaushi. Kila mteja ambaye hakuanguka yupo mtu aliyetangulia kusimama pale alipokuwa aanguke. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, wakilizungumzia jambo lililopita ambalo halirudi. Dukani maji yaliyomwagika huzolewa kila siku, na yuko anayelipwa kwa saa ili ayazoe.

Hoja ya Texas ina babu, na babu huyo naye ana uhusiano na biashara ya duka. Mwaka 1837, huko Uingereza, Mahakama ya Exchequer ilisikiliza dai la mtumishi wa muuza nyama. Bwana wake alimwagiza asafiri na gari lililobeba nyama. Gari lilikuwa limepakiwa kupita kiasi, likavunjika njiani, na kijana akatupwa chini, akavunjika paja. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa pauni 100. Lord Abinger, aliyeongoza mahakama, aliutengua uamuzi huo. Alihofu kwamba mlango huo ukifunguliwa hautafungika, na bwana atakuja kudaiwa hata kwa kosa la mjakazi aliyemtandikia mtumishi mwenzake kitanda chenye unyevu. Akaongeza kwamba mtumishi hakulazimika kujiingiza hatarini. Angeweza kukataa, na huenda aliijua hali ya gari sawa na bwana wake au zaidi.

Kati ya muuza nyama yule na duka la Mesquite kuna takriban miaka 170 na bahari nzima, lakini mfupa uliovunjika ni uleule, na jibu lililotolewa linafanana kwa namna ya kutia hofu: alijua, na angeweza kukataa. Sheria ya Uingereza yenyewe haikutulia katika jibu hilo. Mwaka 1891 Mahakama ya Mabwana iliamua shauri la kibarua aliyekuwa akitoboa mwamba huku mtambo ukipitisha mawe juu ya kichwa chake. Aliijua hatari hiyo kwa miezi, na siku moja jiwe likamwangukia. Mabwana walikataa kwamba kule kuendelea kufanya kazi huku akijua ni ushahidi tosha wa kuridhia. Kanuni ya kale ya Kirumi ambayo waajiri waliitegemea husema kwamba aliyetaka hadhulumiwi. Haisemi kwamba aliyejua hadhulumiwi. Tofauti ya neno moja imebeba maadili yote ya kazi.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda Roma kuitafuta tofauti hiyo, kwa sababu lugha yake imeihifadhi. Lipo neno hiari na lipo neno ridhaa, na ingawa mazungumzo ya kila siku huyatumia kama kwamba ni kitu kimoja, asili zake ni mbili. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi, walipochambua hukumu ya mtu aliyeshurutishwa, waliona kwamba anaweza kuwa na hiari bila ya kuwa na ridhaa. Aliyewekewa mambo mawili mabaya akachukua lililo jepesi amechagua, lakini hakuridhika. Aristotle naye, katika kitabu chake cha maadili, alimtaja nahodha anayetupa shehena baharini wakati wa dhoruba, akakiita kitendo hicho mchanganyiko. Kwa saa ile nahodha anataka kutupa, lakini hakuna mwenye akili atakayesema kwamba mtu hutupa mali baharini kwa kupenda. Watu wa pwani, ambao wameishi na majahazi na tufani zake, wanaielewa hali hiyo bila kufafanuliwa. Hakuna tajiri wa shehena angemwambia nahodha aliyerudi na chombo na watu salama, "Uliitupa mwenyewe kwa hiari yako."

Mfanyakazi wa usafi ni nahodha wa namna hiyo. Katika sehemu kubwa ya Marekani ajira huweza kukatwa wakati wowote bila sababu maalumu kutolewa, isipokuwa kwa zile chache ambazo sheria imezikataza. Kumwambia mtu wa hali hiyo kwamba angeweza kukataa ni kusema kweli ya kimaumbile na uongo wa kimaadili. Miguu yake ingeweza kutoka nje. Kodi ya nyumba ingemfuata huko nje. Kuna methali ya Kiswahili isemayo hiari yashinda utumwa, na kwa kawaida hufahamika kuwa ni sifa ya anayefanya jambo kwa moyo wake. Methali hiyo ni kipimo pia. Inadai kwamba kabla ya kumsifu au kumlaumu mtu kwa hiari yake, ithibitishwe kwanza kwamba aliipata.

Ipo methali nyingine ambayo duka linaipindua kabisa. Watoto wa Waswahili wamelelewa kwa kuambiwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mesquite aliyevunjika guu ni aliyesikia. Alifanya alichopangiwa, kwa chombo alichokikuta, kwa tahadhari yote ambayo mwili unaweza kuwa nayo juu ya mafuta. Utii ndio uliomfikisha pale. Methali ile ilikuwa na ahadi ndani yake: mkuu anayesikilizwa naye ameangalia njia kabla ya kumtuma mdogo. Mkuu anayedai kusikilizwa bila kutimiza upande wake wa ahadi amebaki na amri tupu. Ndiyo maana desturi ikaweka kinga kwa kila anayetumwa: mjumbe hauawi. Aliyebeba neno la mwingine habebeshwi matokeo ya neno hilo, kwa kuwa safari ile haikuwa yake. Maana ya kanuni hiyo inavuka mipaka ya vita na posa. Kutuma ni kurefusha mkono wa anayetuma hadi pale ambapo mwenyewe hakutaka au hakuweza kufika, na mkono uliorefushwa ukiungua, mwenye mkono hawezi kusema kwamba maumivu hayamhusu.

Wanaopinga wana hoja mbili zenye uzito. Ya kwanza ni ya kiuchumi, na msingi wake ni wa tangu enzi za Adam Smith, aliyeandika mwaka 1776 kwamba ujira hupanda na kushuka kulingana na wepesi au uzito wa kazi na kupendeza kwake au karaha yake. Kutokana na wazo hilo ikazaliwa imani kwamba anayefanya kazi ya hatari amekwisha kulipwa kwa hatari hiyo ndani ya mshahara wake. Jaji Lemuel Shaw wa Massachusetts aliisimamisha hukumu maarufu ya 1842 juu ya imani hiyo, katika shauri la mfanyakazi wa reli. Kwa mpiga mbizi au mchimba madini labda kuna ukweli fulani ndani yake. Kwa mfanyakazi wa duka haina pa kusimama. Saa ambayo mafuta yamedondoka kutoka darini inalipwa sawasawa na saa ambayo sakafu ni kavu. Hakuna aliyekaa naye wakapatana bei ya sakafu yenye utelezi, na kama angedai nyongeza kabla ya kuingia, angeonekana mkaidi. Mapatano ambayo hayakuwahi kutamkwa, na ambayo upande mmoja usingeruhusiwa kuyatamka, si mapatano.

Hoja ya pili ni ya heshima, na hii inastahili kusikilizwa zaidi. Inasema kwamba kumwondolea mfanyakazi wajibu wa kujilinda ni kumfanya mtoto. Yeye ni mtu mzima mwenye macho na akili. Mara nyingine anaijua sakafu kuliko meneja aliye ofisini. Kumheshimu ni kukiri kwamba matendo yake ni yake. Sehemu ya hoja hii haina ubishi. Mfanyakazi anayekimbia kwenye njia iliyolowa kwa mzaha amejitafutia, na hakuna maadili yanayotaka makosa yake yawe ya mwingine. Lakini heshima kwa akili ya mtu huonekana kabla hajaanguka. Anayeheshimiwa kwa ujuzi wake huulizwa anahitaji nini, hupewa kile alichosema, na akisema kwamba kazi hii isianzwe mpaka unga ufike, husikilizwa. Akili isiyosikilizwa asubuhi haiwezi kuitwa mashahidi jioni dhidi ya mwenyewe. Kumnyima mtu sauti wakati wa kupanga kazi, kisha kumpa utu uzima kamili wakati wa kugawa hasara, ni kumheshimu kwa faida ya mwingine.

Kwa hiyo kujua kwa mfanyakazi kunapaswa kuhesabiwa upande mwingine wa mizani. Maarifa yake ni amana. Duka limemkabidhi ajue hatari ili wateja wasihitaji kuijua. Vibao vilivyowekwa siku ile vilikuwa tafsiri ya maarifa hayo kwa manufaa ya watu wengine: yeye aliingia ili wao wasiingie. Mwajiri ndiye aliyenufaika, kwa kuwa kila mteja aliyegeuka mlangoni alikuwa dai moja lisilozaliwa. Anayetumia ujuzi wa mtu kama ngao yake hawezi kuugeuza ujuzi huohuo kuwa mkuki wa kumchoma mwenye nao. Kama kujua kunabadilisha chochote katika wajibu wa anayetuma, kunauongeza. Anamtuma mtu mahali ambapo wote wawili wanajua kwamba pana hatari, na kwa hiyo hana hata udhuru wa kutojua.

Itasemwa kwamba mabishano haya yamekwisha kupitwa na wakati, kwa kuwa nchi nyingi zimechagua njia ya bima. Uingereza ilianza mwaka 1897, kwa sheria iliyompa mfanyakazi wa kazi fulani fidia bila kuthibitisha uzembe; majimbo ya Marekani yakafuata kuanzia miaka ya 1910. Kenya ina sheria yake ya 2007 na Tanzania ya mwaka 2008, ambayo iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Njia hii ni rehema kubwa. Inamwondolea majeruhi miaka ya kusubiri, na haimlazimishi kusimama mahakamani kueleza kwa nini alipiga hatua ndogo badala ya kusimama. Ni jambo la kufurahisha kwamba Kiswahili kiliiita malipo hayo fidia, neno ambalo asili yake ni kikomboleo, mali inayotolewa ili mateka aachiwe. Anayelipwa fidia anakombolewa kutoka katika hasara ambayo haikuwa yake.

Hata hivyo bima hulipa bila kuhukumu, na hilo lina gharama yake. Panapolipwa bila kusemwa kosa, kuna hatari ya kuamini kwamba kosa halikuwapo, na tukio zima hurudi kwenye lugha ya ajali. Kanuni za usalama zipo ili kuziba pengo hilo. Marekani ina sheria ya usalama kazini tangu 1970, na kanuni zake hudai sakafu za kazini ziwe safi na, kadiri inavyowezekana, kavu. Uingereza ina sheria ya 1974 na kanuni za 1992 zinazotaja sakafu waziwazi. Lakini tangu mabadiliko ya 2013, mfanyakazi wa Uingereza aliyeumia hawezi tena kudai kwa sababu tu kwamba kanuni ilivunjwa. Ni lazima athibitishe uzembe. Kidole cha swali, ambacho kwa muda kilielekea kwa mwenye sakafu, kimeanza tena kumwelekea aliyelala juu yake.

Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi nje wana sababu ya kulifuatilia jambo hili kwa karibu. Wakimbizi wengi kutoka Kongo, ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani mwao, wamepokelewa katika miji ya Texas yenyewe, na wengi wa wanaofika nchi za Magharibi huanzia kazi ambazo hazidai cheti: kupanga rafu usiku, kusukuma mikokoteni, kudeki. Mtu aliye katika mwaka wake wa kwanza ugenini, ambaye lugha ya meneja bado inamshinda, ndiye aliye mbali zaidi na neno "sitaki". Na akivunjika, havunjiki peke yake. Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wahenga, na methali hiyo husemwa kwa kumlaumu aliyelichuma. Hapa wa kwao wanalila janga ambalo hakulichuma: ada ya shule huko Bukavu au Kigoma hukoma mwezi uleule ambao nyonga imeteguka Dallas, na hakuna mahakama inayowahesabu watu hao miongoni mwa walioanguka.

Kinachodaiwa na maadili hapa si kikubwa. Haidaiwi sakafu isiyolowa kamwe, wala mwajiri anayejua yajayo. Inadaiwa kwamba anayetuma atangulize kile ambacho yeye mwenyewe ameandika kuwa kinahitajika. Kwamba anayetumwa aweze kusema "bado" bila kuhofia kibarua chake. Na kwamba hasara ikitokea, kujua kwa aliyetumwa kusitumike kuficha kujua kwa aliyetuma. Mahakama ya Texas yenyewe iliona mwanga wa hili ilipoliacha wazi dai la nyenzo zilizokosekana. Huenda swali lote lilikuwa hapo tangu mwanzo. Unga uliokosekana dukani ulikuwa unajulikana na mtu fulani aliyepaswa kuuagiza, na mtu huyo siku ile hakuwa na sababu ya kupiga hatua fupifupi.

Kibao cha njano kinachosimamishwa kwenye sakafu iliyolowa huwaelekea wapitao. Kimetengenezwa kwa ajili yao, na hufanya kazi yake vizuri. Aliyekisimamisha huwa nyuma yake, ameinama, na hakuna kibao kilichoandikwa kwa ajili yake, kwa sababu imedhaniwa kwamba kwa kuwa ameshajua, hakuna zaidi anachodaiwa kupewa.